Barua kwa vijana mlioambiwa msimame

Wanangu,

Mlinialika kuzungumza kwenye kongamano lenu la kuishi wito. Mlinipa dakika 10, zikawa 4, kwa sababu mhamasishaji aliyenitangulia hakujua kushuka jukwaani. Hilo nimelisamehe, uzee umenizoesha kukatizwa. Ambalo halijanitoka moyoni ni pale alipopaza sauti: "Kila anayeujua wito wake asimame!" Ukumbi ukainuka kwa vifijo. Pembeni yangu binti mmoja akabaki amekaa, akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Hakuna alichokitafuta. Alikuwa analia.

Nimekaa nyuma ya cherehani miaka 40 na ushei, na sidhani kama ukumbini mle palikuwa na mtu mkweli kumshinda yule binti. Nyinyi mliosimama, mlijuaje? Wengine hamjafika hata 20. Nani kawaambia kwamba wito umo ndani yenu tayari, umeiva, kazi yenu ni kuupekua tu?

Niliwahi kuwa na mwanagenzi. Vidole vyake, jamani! Mwezi wake wa nane kwangu nikampa kola ya shati. Akaishona, nikaifumua. Akaishona tena, nikaifumua tena. Ya tatu nikamwambia aifumue mwenyewe. Kesho yake hakuja, ukaja ujumbe wa simu: "Shikamoo fundi. Nimetafakari, nimegundua ushonaji si wito wangu. Sisikii moto ndani." Moto! Mimi nimeshona suruali ngapi bila hata cheche, mgongo unauma, mteja amenisimamia kichwani? Kola ya kwanza iliyolala vizuri shingoni mwa mtu niliipata mwaka wangu wa tatu, na siku hiyo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. Kabla ya hapo nilikuja kwa sababu baba alinileta. Mwanagenzi huyo, nasikia, aliingia kwenye kupiga picha, akatoka. Akaingia kwenye programu za kompyuta, akatoka. Kila mahali anabwaga manyanga akifika penye kola.

Msidhani ni hasira za mzee. Mwaka 2018 watafiti wa saikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha majaribio yao juu ya jambo hilihili. Katika jaribio moja, wanafunzi wa chuo walionyeshwa video ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, wakavutiwa. Kisha wakapewa makala ngumu ya kitaalamu juu ya mambo yaleyale. Walioamini kwamba mapenzi ya jambo hukaa ndani ya mtu yakisubiri kugunduliwa, hamu iliwashuka zaidi kuliko walioamini kwamba mapenzi hukuzwa. Niliposomewa habari hiyo nilicheka peke yangu. Nilimwona mwanagenzi wangu waziwazi.

Mtaniambia, "Babu, mbona hata yule mhamasishaji alisema tubadili mtazamo?" Alisema. Lakini mtazamo aliowauzia ni ule wa kusimama mbele ya kioo na kujiita simba. Simba gani anayenuna akifumuliwa kola? Anachokieleza Dweck, mmoja wa watafiti wale, kuhusu mtazamo ni kidogo na kigumu zaidi: kuamini kwamba uwezo hukua kwa juhudi, kwa mbinu bora na kwa msaada wa wengine. Sikieni hapo kwenye mbinu. Kurudia kosa lilelile mara mia kwa moyo mkunjufu hakumkuzi mtu. Na hapo, wanangu, mimi mwenyewe nina deni. Nilimfumulia yule kijana mara mbili bila kumwonyesha alipokosea. Mimi nilifundishwa hivyo, kwa kufumuliwa na kukemewa, nikadhani ufundi hauna njia nyingine. Huenda moto aliokuwa akiuulizia ulikuwa neno moja tu kutoka kwangu.

Mengine nayapitia mbiombio. Laleni usingizi wa kutosha. Tafuteni mtu mmoja asiyeogopa kuwakosoa. Acheni kutangaza mipango kabla ya kushika kazi. Hizo habari za tabia mpya kushika kwa siku 21 zisahauni: watafiti wa London waliwafuatilia watu 96, na wastani uliotoka ni siku 66, wengine ikionekana wangehitaji zaidi ya 200, tena kuruka siku moja hakukuwaharibia. Wala umri usiwatie hofu. Siti binti Saad aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na sauti yake iliporekodiwa Bombay mwaka 1928 alikuwa anakaribia miaka 50.

Nina neno pia kwa watu wazima wenzangu, maana vijana hawakujipotosha wenyewe. Tunamwuliza mtoto wa miaka 6 atakuwa nani, kisha tunamshikilia kwa jibu lake. Na kuna wakubwa waliogeuza neno wito kuwa fimbo. Mwalimu akidai stahili zake, anaambiwa ualimu ni wito. Nesi akisema zamu zimemchosha, anaambiwa unesi ni wito. Sijawahi kusikia mkurugenzi akiambiwa ukurugenzi ni wito, apunguziwe mshahara. Mtu anayeipenda kazi yake hula kama wengine, huugua kama wengine. Kumlipa pungufu kwa sababu anapenda ni wizi, na aliyeubuni msemo huo alijua anachokifanya.

Nimalizie kwa binti wa pembeni. Watu walipotoka uliniuliza kwa nini kola yangu imelala na ya blauzi yako, uliyoishona mwenyewe, inajikunja juu. Kelele zilinizuia kukujibu. Jibu ni hili: usikate vipande viwili sawasawa. Cha chini kipunguze milimita 3 hivi kwenye kingo za nje, kisha ukishone kwa kukivuta kidogo kilingane na cha juu. Ukigeuza, mshono utajivuta wenyewe chini usionekane. Pembe zipunguze kitambaa kabla ya kugeuza, lakini usifike kwenye uzi. Jaribu kwanza kwenye kitambaa chakavu. Ya kwanza itakataa. Niletee hiyohiyo iliyokataa, na safari hii nitakuonyesha ilipokosea.

Babu yenu, fundi cherehani