Daftari kwanza, simu baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaofanyia biashara nyumbani hapa Bukavu kuhusu kuchagua vifaa vya kupangia muda. Mimi ni fundi cherehani. Mwaka jana niliweka miadi yangu yote katika programu ya simu. Umeme ukakatika siku mbili, simu ikazima, na nguo za wasimamizi wa arusi zikachelewa hadi mama wa bibi arusi akaja kuzisubiri mlangoni pangu, nami bado natia vifungo.

Tangu hapo nategemea daftari: ukurasa wa kushoto vipimo na malipo ya awali, wa kulia siku ya kujaribu nguo na siku ya kuichukua. Simu imebaki na kengele, pamoja na kalenda kwa ajili ya wateja wa Kinshasa, ambao saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 1, jambo linaloharibu miadi mingi.

Njia ya Mwitaliano Francesco Cirillo, ya kufanya kazi dakika 25 na kupumzika 5, hunifaa sana ninapodarizi. Katika kukata kitambaa haifai kabisa, maana mkasi hauachwi katikati ya njia.

Nawasihi wanaotufundisha ujasiriamali watuulize kwanza kazi yetu ikoje, na umeme tunaupata saa ngapi, kabla ya kutuwekea programu katika simu zetu.

Mshonaji,
Kadutu, Bukavu