Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Nyasi Zipimwe Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo tunakwenda moja kwa moja kwenye hoja: idadi ya mifugo inayoweza kuishi kwenye ardhi yetu hupatikana kwa hesabu, na hesabu hiyo huanzia kwenye nyasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimea hunasa sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua. Kutoka hapo, kila ngazi ya ulaji hupokea takribani asilimia 10 ya nishati ya ngazi iliyotangulia, kanuni inayotokana na kazi ya mwanaikolojia Mmarekani Raymond Lindeman ya mwaka 1942. Nyasi zikiwa na kilokalori 10,000, panzi hujenga miili yenye 1,000, mijusi 100, na kipanga anayekula mijusi hubaki na 10. Nishati inayobaki hutoka kama joto, au huishia kwenye kinyesi na mabaki yanayoliwa na mchwa, kuvu na bakteria. Mbolea ya zizini hurudisha naitrojeni shambani. Joto likishatoka halirudi. Ndiyo maana vipanga ni wachache na panzi ni wengi, wala si suala la bahati.

Sasa tuje malishoni. Chukua fremu ya mbao ya sentimita 50 kwa 50. Kata nyasi zote zilizo ndani yake, ukiacha kisiki cha sentimita 2, zianike mpaka uzito usipungue tena, kisha pima. Gramu zidishe kwa 40 upate kilo kwa hekta. Gramu 50 kwa fremu, kwa mfano, ni kilo 2,000 kwa hekta. Rudia angalau mara 20, sehemu zikipangwa kwa kura. Wengi hukosea hapa: hurusha fremu kwa mkono, na mkono huelekea penye nyasi nzuri. Wengine hupima nyasi mbichi, wakahesabu maji kuwa chakula.

Ng'ombe wa kilo 250 hula takribani asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25 za nyasi kavu, karibu kilo 2,300 kwa mwaka. Nusu ya nyasi lazima ibaki ilinde udongo na kuchipua tena. Kwa kilo 2,000 kwa hekta, basi, ng'ombe mmoja anahitaji hekta 2.3. Mvua zikikatika mapema na nyasi zikawa nusu, anahitaji 4.6. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, hivyo anayepanga kundi lake kwa mwaka wa neema anajitafutia hasara. Mara nyingi dalili ya kwanza si ng'ombe kukonda, ni nyasi za kudumu kutoweka na magugu ya msimu kushika nafasi.

Kondoa, mkoani Dodoma, ni ushahidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka vibaya. Uoto ukarudi. Tunakiri kwamba kuondoa mifugo yote ni dawa chungu kwa wafugaji. Kupima mapema ni nafuu zaidi.

Hesabu kama hiyo inahusu pia kwelea kwelea wanaoshambulia mashamba: ndege mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, hivyo kundi la milioni moja lingeweza kumaliza tani 10 za mtama na uwele kwa siku. Kunyunyizia fenthioni, sumu ya kuua ndege hao, hupunguza kundi haraka, lakini bundi na vipanga wanaokula ndege waliokwisha kupata sumu nao hufa. Tunaomba wakulima wahimizwe kupanda kwa wakati mmoja na kuvuna mapema, ili shamba moja lisibebe kundi zima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu: mizani inayosoma hadi gramu 1, kipimamvua, na uzio wa robo ekari nyuma ya bwalo, ili nyasi zisizoliwa zilinganishwe na zinazoliwa kila mwezi. Miti ya nguzo tunayo. Tumepungukiwa waya na misumari.

Tunaomba kuwasilisha.