Malalamiko Kuhusu Intaneti ya Sh1,500 Inayopotea Jioni

Zimmerman, Nairobi
10 Machi 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

MINTARAFU: KASI YA INTANETI YA NYUMBANI NA SIKU NNE NILIZOLIPIA BILA KUTUMIA

Nimekuwa mteja wenu tangu Novemba. Nimewapigia simu mara sita, na kila mara naanza kueleza upya kwa mtu mpya. Sasa naandika ili yabaki kwenye faili.

Kijana wenu wa mauzo alinikuta langoni mwa ploti na karatasi yenye herufi kubwa: Mbps 10 (megabiti kumi kwa sekunde), Sh1,500 kwa mwezi, kufungiwa bure, diposi ya ruta Sh2,000. Kaneno "hadi", kalikoandikwa kwa herufi za sisimizi mbele ya hiyo 10, nilikaona fundi akiwa ameshaondoka. Mama mboga wetu akiniambia fungu lina nyanya hadi kumi, nitazihesabu kabla sijatoa pesa. Zenu nimelazimika kuzihesabu baada ya kulipa.

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Natumiwa sauti, naandika maneno, narudisha. Faili ya megabaiti 120, kwa kasi mliyotangaza, inafaa kushuka kwa sekunde 96. (Megabaiti moja ni megabiti nane. Kijana wenu aliniambia ni kitu kimoja, nami nikaitikia kwa kichwa.) Asubuhi, lazima niseme ukweli, mnajitahidi: saa nne, mtaa mzima ukiwa umeenda kazini, napata 9 na zaidi. Shida huanza jua likizama. Februari nilichukua daftari la hesabu la mtoto nikawa naandika vipimo. Tarehe 18, saa mbili na robo usiku: 1.3. Tarehe 19, saa tatu: 1.1. Ijumaa tarehe 21: 0.8, na faili ya ukubwa uleule ikanichukua dakika 20.

Mhudumu wenu akaniambia niitoe ruta nyuma ya televisheni. Ilikuwa juu ya kabati. Akasema basi ni kuta. Nikachomeka kompyuta moja kwa moja kwa kebo, nikazima Wi-Fi ya simu zote nyumbani, mtoto akanuna, na kipimo kikakataa kuvuka 1.3. Kwenye kebo hakuna ukuta. Nionavyo mimi, mmeunganisha nyumba nyingi mno kwenye laini moja. Ghorofa zote nne za ploti hii zina ruta zenu, na watu wakirudi jioni wote tunachota kisima kimoja. Sipingi kugawana. Najua bei ya Sh1,500 haiwezi kupatikana vinginevyo. Ninachopinga ni kuuziwa kama kwamba kisima ni changu peke yangu.

Tena hata hiyo bei rahisi haiko. Mwezi wa Februari nilinunua bando za simu za Sh100 mara 13 ili kazi za usiku zisilale. Ongeza juu ya Sh1,500, inakuwa Sh2,800. Jirani yangu wa mlango wa pili analipa Sh2,900 kwa kampuni nyingine, na mumewe hutazama mpira hadi dakika ya mwisho bila picha kuganda. Kumbe ofa yenu inaniokolea shilingi mia moja.

Halafu kuna zile siku nne. Kuanzia tarehe 3 hadi 6 Machi taa ya LOS, ile ya ruta inayoonyesha kwamba mawimbi hayafiki, ilikuwa nyekundu, ikipepesa. Niliambiwa waya ulikatwa na wachimba mtaro. Sawa, waya hukatika. Lakini kifurushi changu kiliendelea kuhesabu siku kana kwamba natumia, na tarehe 8 mkanitumia ujumbe kwamba muda umeisha, nilipe.

Nirudishieni siku hizo nne. Niambieni kwa maandishi laini yetu inagawanywa na nyumba ngapi, na kasi ya chini kabisa mnayoweza kuahidi saa mbili usiku. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na anacholipia. Mkiona hamwezi, chukueni ruta yenu mnirudishie Sh2,000. Nisipopata jibu kufikia tarehe 24 Machi, nitapeleka barua hii pamoja na kurasa za daftari kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwenye Barabara ya Waiyaki.

Mkiamua kumtuma fundi, tafadhali asije asubuhi. Amekuja mara mbili saa nne, akapima, akacheka, akaniambia mtandao uko sawa. Aje saa mbili usiku. Keateka, msimamizi wa ploti, atamfungulia lango, na chai itakuwepo.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, nyumba 4B