Tiketi situmi, Yona

San Francisco, Jumapili usiku

Mdogo wangu,

Mbukwenyi hapo nyumbani. Mimi mzima, baridi tu na zamu za usiku.

Hongereni kwa ujauzito wa Neema. Umeniomba tiketi ya ndege aje huku, mtoto atibiwe sikoseli akiwa bado tumboni. Habari hiyo umeipata kweli, ila nusu. Nimemuuliza daktari mwenyewe, uso kwa uso, kwa kile Kiingereza changu ulichokuwa ukikicheka. Kanisikiliza mpaka mwisho! Mama anachotwa uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, kwenye nyonga, wanachuja seli shina, zile zinazotengeneza damu, halafu sindano inapita tumboni mpaka kwenye mshipa wa kitovu, mtoto akiwa anaongezewa damu. Kinga yake bado changa, seli za mama haizipigi vita. Lakini majaribio ya chuo kikuu cha hapa yalianza na alfa thalasemia kali, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ule unaoua mtoto kabla hajazaliwa. Si sikoseli. Kwa hiyo tiketi situmi.

Na tukiwa kwenye pesa: laki nane za mabati ziko wapi? Mama kaniambia mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Hela ile niliipata kwa zamu za Krismasi, Yona, wenzangu wakiwa makwao. Usinijibu kwa mapambio.

Shangazi naye aache kusema damu mbaya imetoka kwao Neema. Mwanenu Baraka amerithi sikoseli kwenu wote wawili, na kila mimba uwezekano ni mmoja kati ya minne. Na wewe umo, usijifiche nyuma ya mkeo.

Nenda Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wanapandikiza uloto kwa watoto wa sikoseli tangu 2023, hapo hapo Dodoma, nawe unaniomba ndege! Huyu wa tumboni akizaliwa hana ugonjwa, na vipimo vikaoana na vya kaka yake, anaweza kumchangia. Waulizeni mapema. Hela ya vipimo na dawa nitaiweka kwenye simu ya Neema. Ya Neema, sijakosea.

Jana nilinunua zabibu, kubwa kama ndimu, hazina hata kokwa. Nikazikumbuka zile za Baba Hombolo, unapangusa vumbi kwenye kanga ndipo unakula. Nililaani bei, nikamaliza mfuko wote nimesimama kituoni.

Baraka alinionyesha vidole kwenye simu, vimevimba kama maandazi, huku anauliza mpira wake nitauleta lini. Mwambie nimeshanunua, namba tatu, mwekundu.

Dada yako