PlayStation 2 haikuuzwa na filamu peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja ambayo husemwa kana kwamba imekwisha kuthibitishwa, kwamba PlayStation 2, mashine ya gemu, ilipendwa kwa sababu tu iliweza kuonyesha filamu za DVD. Hoja hiyo ina ukweli, ila ni ukweli wa siku za mwanzo.

Mashine hiyo ilipoingia madukani Japani tarehe 4 Machi 2000 kwa yeni 39,800, deki za DVD zilikuwa bado ghali, na gemu zake zenyewe zilikuwa chache. Mzazi aliyeombwa mashine ya gemu alijikuta amepata na deki humohumo, ingawa programu ya kuonyeshea filamu ililetwa katika memori kadi iliyofungashwa pembeni, na filamu ilirudishwa nyuma kwa padi ileile ya kuchezea, waya ukiburuzika sakafuni.

Mashine pinzani zilibania filamu. Xbox ya mwaka 2001 ilikuwa na kisomeo cha DVD, lakini haikuonyesha filamu hadi mwenyewe anunue rimoti na kipokezi chake. GameCube, yenye vidiski vidogo, haikuonyesha kabisa. Xbox iliishia kuuzwa mashine milioni 24 hivi na GameCube chini ya milioni 22, ilhali PlayStation 2 ilivuka milioni 150. Wengi huishia hapo, wakaona kesi imefungwa.

Lakini deki ziliposhuka bei mwaka baada ya mwaka, mbona mauzo hayakufa nazo? Jibu ni gemu: Gran Turismo 3, Final Fantasy X na Grand Theft Auto III zilitoka zote mwaka 2001, na diski za PlayStation ya kwanza ziliendelea kufanya kazi humo. Nyumbani kwetu mashine hiyo ilifika deki ikiwa tayari chini ya televisheni, na sikumbuki hata siku moja tukiiwekea filamu.

Mtihani wenyewe ulikuja Novemba 2006, PlayStation 3 ilipotoka na kisomeo cha Blu-ray, diski ya filamu yenye picha kali kuliko DVD, kwa dola 499 na 599 nchini Marekani, wakati ambapo deki ya Blu-ray peke yake iliweza kugharimu zaidi ya hapo. Kwa hoja ya filamu, watu wangeigombania miaka yote. Badala yake Wii, mashine pinzani ambayo haikuonyesha hata DVD, ilivuka milioni 100 na kuiacha nyuma. Aliyefaidika zaidi ni Blu-ray yenyewe, kwani Februari 2008 Toshiba iliachana na HD DVD, diski iliyoshindana na Blu-ray, na mamilioni ya PlayStation 3 zilizokuwa tayari sebuleni kwa watu zilichangia ushindi huo.

Tofauti ya nyakati hizo mbili naiona kwenye televisheni. DVD ilichomekwa kwenye televisheni ileile ya chogo iliyokuwapo nyumbani, na mtu aliyezoea kanda za video aliuona ung'avu wake papo hapo. Blu-ray, ili ung'avu wake uonekane, ilimtaka kwanza anunue televisheni nyingine.

Msomaji wako,
Tanga