Mama aliyetaka rozela ya kusafisha ini

Mteja wetu wa siku nyingi hapa Kariakoo aliingia dukani akitaka rozela "ya kusafisha ini". Nikamwambia, "Shikamoo mama, subiri kidogo nikuonyeshe kitu." Nilikuwa na ini bichi la ng'ombe la mboga ya mchana. Nikakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nikakitia kwenye glasi na kukimiminia haidrojeni peroksaidi, ile ya famasi ya kuoshea vidonda. Povu jeupe likapanda hadi mdomoni mwa glasi.

"Mungu wangu, linachemka!"

Halichemki. Peroksaidi huzaliwa pia ndani ya seli zetu kila wakati, chakula kinapounguzwa kutupa nguvu. Ini lina kimeng'enya kiitwacho katalasi kinachoivunja ikawa maji na oksijeni, na povu lile ni oksijeni inayotoka. Ini lina walinzi wake, mama. Ndiyo maana hatuuzi chochote kwa jina la kusafisha ini.

Mlinzi ninayetaka kila mteja amjue ni glutathioni, kemikali ya kinga ambayo seli hujitengenezea, kwa sababu huyu huisha. Ukimeza parasetamoli kwa kipimo, ini hugeuza sehemu yake ndogo kuwa sumu, glutathioni ikaidaka, mambo yakaisha. Mtu mzima akipitisha vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, anajiweka hatarini: glutathioni inaweza kukauka, sumu ikashika protini za seli, mafuta ya utando wake yakaharibika kama samli inavyochacha, na seli ikafa.

Sasa rozela. Wekundu wake ni anthosianini, na unjano wa manjano, kile kiungo cha mchuzi, ni kurkumini. Kwenye maabara, antioksidanti hizi huzima radikali huru, zile chembe zinazochokoza seli. Mwilini kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo. Faida inayoelekea kuwa kubwa zaidi ni kwamba huiamsha seli itengeneze walinzi wake yenyewe, glutathioni ikiwemo. Ushahidi mwingi wa hili umetoka kwa panya na seli za maabara, na nitaendelea kuusema hivyo hata kama mauzo yatapungua. Kwa binadamu, kinywaji chenye ushahidi mzuri zaidi ni kahawa: wanaoinywa huonekana kupata sirosisi (ini kujaa makovu) na saratani ya ini kwa uchache. Wazee wetu wa kahawa chungu barazani wako pazuri.

Vidonge vya manjano makali vilivyochanganywa na pilipili manga hatuviweki. Pilipili manga huongeza sana kurkumini inayoingia mwilini, na wapo watu walioumia ini kwa vidonge vya namna hiyo. Manjano ya kwenye mchuzi ni habari nyingine. Hayo tunakusagia mbele ya macho yako.

Na mtu mwenye macho ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi tunamwomba aende hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa homa ya ini B, na hiyo ina chanjo na ina vipimo.

Mama akachukua rozela robo kilo, akaipenda kwa ladha yake. Kabla hajatoka akataja karanga za kashata alizoweka ndooni tangu Ramadhani, zimeanza ukungu lakini "zikikaangwa zitafaa". Hapo nilimshika mkono. Ukungu huo huweza kutoa aflatoksini, sumu ya ini isiyoisha kwa kukaanga, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Jioni alinipigia: amezimwaga zote.