YAH: Malalamiko kuhusu fimbo ya kuvulia isiyolingana na boksi lake

Meneja,
Duka la Zana za Uvuvi,
Unguja.

Assalamu alaykum.

Fimbo yenu imevunjika siku ya tatu tu, na nilipopiga simu nikajibiwa kwamba nimerusha chambo kizito kuliko uwezo wake. Ni kweli nilirusha chambo cha chuma cha gramu 28. Lakini karatasi iliyobandikwa kwenye boksi, ninayo mpaka sasa, inasema gramu 10 hadi 30.

Kijana wenu nilimweleza kwa kituo. Sina pesa ya fimbo tatu. Nataka moja ya futi 7, ya rili (kibiringo cha kukunjia mshipi) inayokaa juu, isiwe laini wala ngumu mno: asubuhi nirushe samaki wa plastiki wa gramu 12 kando ya mikoko hapa Wete nikitafuta chewa, kisha nitoke na mtumbwi hadi ukingo wa mwamba niwarushie kolekole chuma. Fimbo laini inaelemewa na chuma, ngumu haikifikishi mbali chambo chepesi. Ndiyo maana nilizishikilia zile namba. Akasema, "Hii ndiyo yenyewe, bwana."

Ilipovunjika ndipo nikabandua stika yenu ya bei kwenye fimbo, na chini yake nikakuta maandishi ya kiwandani: 1/4 hadi 5/8, kwa aunsi. Aunsi moja ni gramu 28 na ushei, kwa hiyo fimbo hii ni ya chambo cha gramu 7 hadi 18 hivi. Mshipi wake ni wa nguvu ya ratili 8 hadi 14, na nyinyi wenyewe mlinifungia wa ratili 20!

Wala haikuvunjwa na samaki. (Angeivunja kolekole ningenyamaza, angalau ningepata la kusimulia barazani.) Ilikatika nikiwa narusha, kwenye pete ya pili kutoka nchani, na chuma kikaenda zake. Hicho sikidai.

Ninachodai ni fimbo inayolingana na ile karatasi, au pesa zangu zote, na gharama ya boti kuja Pemba iwe juu yenu. Msiniambie nivilete kwanza vipande Unguja kwa nauli yangu. Picha zake, ya karatasi na ya risiti nimeziambatisha.

Nangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nikilikosa, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani Halali wa Biashara.

Mteja wenu,
Wete, Pemba.